Bunduki Kuukuu Inapokwamisha Risasi
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika vijiji vya Lushoto vinavyopakana na misitu ya Magamba na Shume, mkulima wa mahindi na viazi hula pamoja na wageni asiowaalika: nguruwe mwitu, nyani na ngedere. Kundi dogo la nguruwe huweza kumaliza kwa usiku mmoja jasho la msimu mzima. Mazao yasiyovunwa hayafiki ghalani, na mkopo wa pembejeo haulipiki. Ndiyo maana majirani humtegemea mwenye bunduki halali. Lakini bunduki inayokwama mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa huyo aliyeishika.

Mazungumzo haya yanahusu bunduki za wenzo, yaani zile ambazo mpigaji hukoki kwa kusukuma chini na kurudisha juu wenzo ulio karibu na kifyatulio. Mashuhuri miongoni mwake ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning wa Marekani. Ile ya mwaka 1895, kazi ya fundi huyohuyo, ililetwa Afrika Mashariki na Theodore Roosevelt katika safari yake ya uwindaji mwaka 1909. Ya 1894 hulaza risasi moja nyuma ya nyingine katika bomba lililo chini ya mtutu. Ya 1895 huzipanga moja juu ya nyingine katika kisanduku.

Katika bunduki ya bomba, springi husukuma risasi nyuma hadi juu ya kinyanyuzi. Wenzo ukishushwa, komeo hurudi nyuma na kutoa ganda tupu, kisha kinyanyuzi huinua risasi mpya. Wenzo ukirudishwa, komeo huisukuma risasi hiyo ndani ya chemba. Kukwama ni kukatika kwa mwendo huo mahali fulani, na kazi ya mchunguzi ni kupatafuta mahali hapo.

Katibu ambaye hesabu zake hazilingani haanzi kwa kununua daftari jipya. Huanza na stakabadhi. Vivyo hivyo, bunduki huchunguzwa kwa utaratibu. Kwanza mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kiwe mbali na kifyatulio, risasi zote zitolewe na kuhesabiwa, na chemba itazamwe. Bunduki iliyokwama ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka ithibitike kuwa haina.

La kwanza ni mkono. Mwenye hofu husukuma wenzo nusu, na kinyanyuzi hakimalizi kazi yake. Wenzo usukumwe hadi mwisho, kisha urudishwe kwa nguvu ya kadiri.

La pili ni risasi. Iwe ya kipimo kilichochorwa kwenye mtutu, isiwe na ganda lililobonyea wala kutu ya kijani. Kutu hiyo hushika risasi zinazokaa muda mrefu katika mkanda wa ngozi, hasa penye ukungu kama Lushoto. Risasi ndefu au fupi kuliko kipimo huvuruga kinyanyuzi. Aidha, risasi ya kawaida yenye ncha kali isitiwe kamwe katika bomba, kwani ncha yake hugusa fataki ya risasi iliyo mbele, na mshtuko waweza kuilipua humo humo.

La tatu ni bomba. Risasi isipotoka kabisa, huenda springi imechoka, bomba limebonyea, au mafuta ya zamani yamegandamana na vumbi. Bomba lifutwe likauke. Mafuta yawe kidogo, kwa kuwa mafuta mengi hukusanya uchafu.

La nne ni mashine yenyewe. Zikitoka risasi mbili kwa pamoja, huenda kizuizi cha risasi kimelika. Risasi ikiinuka lakini ikagonga ukingo wa chemba, huenda kinyanyuzi kimelika au parafujo zimelegea. Hapa mwenye bunduki aweke tupa na nyundo chini. Kukwangua chuma kidogo tu huharibu kipimo kisichorudi. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, naye ajaribu kwa risasi za bandia zisizo na baruti.

Chama nacho kina wajibu wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humfunga mwenye leseni, na silaha haiazimwi jirani hata nguruwe wakiwa shambani. Tena leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Wanyama wana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Basi katibu apokee mapema taarifa za uharibifu, azifikishe kwa serikali ya kijiji na afisa wanyamapori, na amhimize mwenye bunduki aikague kabla mahindi hayajakomaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa bunduki huzibwa mchana, mezani, ikiwa tupu.