Kadi Isiyorudi: Mwaka wa Chama na Sheria za Gofu kwa Wanachama

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya manahodha, makatibu na wakuu wa makedi wa klabu za kanda



Barua ya mwaliko iliniagiza nizungumzie mambo mawili: mwaka wa chama chetu unavyokwenda, na sheria za gofu ambazo mwanachama anapaswa kuzifahamu. Nitayagusa yote mawili. Ila wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi, na Mwenyekiti ametabasamu mapema mno.

Ufafanuzi

Gofu ni mchezo wa kuupeleka mpira kutoka kwenye tii hadi shimoni kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Sheria zake za kwanza kuandikwa zilikuwa vifungu 13, huko Leith, Uskochi, mwaka 1744. Leo zinatungwa kwa pamoja na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani; zilifumuliwa mwaka 2019 na kurekebishwa tena 2023. Hapa nchini msimamizi ni Chama cha Gofu Tanzania, TGU, na upande wa wanawake ni TLGU. Chama cha kanda hakitungi sheria. Kazi yake ni kupanga kalenda, kusimamia mashindano ya pamoja, na kuhakikisha handikapu, yaani kipimo cha uwezo kinachoamua mikwaju anayopewa mchezaji, ya mtu wa klabu hii ina maana ileile akienda kucheza klabu ile. Haya yote mnayajua, tuendelee.

Mwaka wa chama

Mwaka wetu unaendeshwa na mvua kuliko kamati. Januari na Februari ardhi ni ngumu, mpira unabingirika, na kila mtu anajiona amejifunza kupiga mbali. Machi hadi Mei ni masika: mashindano yanakatizwa, mashine za kukata nyasi haziingii uwanjani, na klabu zinaweka kanuni ya ndani ya kuinua mpira, kuusafisha na kuuweka tena. Kanuni hiyo ni halali, lakini ibandikwe ubaoni ikiwa na tarehe ya kuanza, na iondolewe ardhi ikikauka. Kuna mahali nimeikuta bado inatumika Septemba, vumbi likitimka. Juni hadi Septemba ndipo wadhamini wote hukumbuka gofu kwa wakati mmoja, na wikiendi moja inabeba mashindano mawili yanayogombea wachezaji walewale. Vuli inaingia Oktoba, kisha siku za manahodha, kisha mkutano mkuu. Kalenda ya kanda ingetolewa baada ya ile ya taifa badala ya kabla yake, nusu ya ugomvi wetu ingeisha.

Sheria

Nitazipitia haraka kwa sababu kitabu kimo kwenye simu za wengi wetu, hata kama hakijafunguliwa. Muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, si 5. Mpira unaangushwa kutoka usawa wa goti, si wa bega. Bendera inaweza kubaki shimoni unapopiga ukiwa grini. Fimbo zisizidi 14. Mpira ukipotea au ukitoka nje ya mipaka, rudi ulikopigia na uongeze mkwaju mmoja wa adhabu. Klabu inaweza kuweka kanuni ya ndani ya kuangusha mpira mbele kwa adhabu ya mikwaju 2, ila kanuni hiyo haikukusudiwa mashindano ya ngazi ya juu. Nyani au kunguru akiubeba mpira uliotulia, mpira unarudishwa ulipokuwa, bila adhabu. Nyuki na nyoka wana kifungu chao, na hakidai ushujaa. Wenzetu wa Jinja, Uganda, wanajulikana kwa kanuni yao ya nyayo za kiboko. Sisi tushukuru kwamba tunasumbuliwa na siafu tu.

Badiliko moja la mwaka 2023 linanihusu zaidi. Mchezaji halazimiki tena kuandika handikapu yake kwenye kadi; kujumlisha mikwaju hakukuwa wajibu wake hata kabla ya hapo. Yeye anawajibika kwa alama sahihi ya kila shimo na kwa saini, yake na ya msimamizi wa kadi yake. Handikapu na hesabu ni kazi ya kamati. Maana yake ni kwamba kumbukumbu za klabu zikiwa za uongo, shindano zima ni la uongo, na mchezaji ataondoka na televisheni ya zawadi bila kuvunja sheria hata moja siku hiyo. Sheria alishazivunja miezi mitatu nyuma, siku aliyoiweka kadi yake mfukoni.

Tatizo la kadi

Mfumo wa Handikapu wa Dunia ulianza mwaka 2020 na kuunganisha mifumo sita iliyokuwapo. Unachukua kadi 20 za mwisho za mchezaji, unachambua 8 bora, na wastani wa hizo ndio handikapu yake. Kikomo ni 54.0 kwa wote, wanaume na wanawake. Kila kadi inageuzwa kwanza kulingana na ugumu wa uwanja. Chukua uwanja wa mfano ambao makadirio yake (course rating) ni 71.5 na mwinamo wake (slope) 125. Mchezaji akimaliza kwa mikwaju 84, unatoa 71.5, unabaki na 12.5, unazidisha kwa 113, ambayo ni mwinamo wa uwanja wa kawaida, unagawanya kwa 125, unapata 11.3. Hiyo ndiyo kadi inayoingia kwenye kumbukumbu. Hakuna uchawi.

Sasa tuseme mtu huyu ana kadi nne za namna hiyo na anaziua zote, yaani hazirudishi ofisini. Nafasi zake ndani ya zile nane zinashikwa na kadi za 17.3. Tofauti ni 6 kwa kila kadi, kwa kadi nne ni 24, gawanya kwa nane: handikapu yake imepanda 3. Kwenye shindano la siku mbili anaanza mikwaju 6 mbele ya mwenzake aliyerudisha kadi zote. Mfumo una breki: handikapu ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya kiwango chake cha chini kabisa cha siku 365, ongezeko linalozidi hapo hukatwa nusu, na ongezeko lote haliruhusiwi kuvuka 5.0. Lakini angalieni vizuri. Zile 3 za kwanza hazina breki yoyote, na mabingwa wa kuua kadi hesabu hiyo wanaijua kuliko makatibu wetu.

Mwaka fulani mkuu wa makedi wa klabu ambayo sitaitaja alinipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi alizookota kwenye pipa la taka karibu na shimo la 18, zimekunjwa mara nne, nyingine zina doa la chai. Nilitarajia kadi za watu waliokata tamaa. Haikuwa hivyo. Zilikuwa kadi zilizojazwa mashimo yote, baadhi zimesainiwa pande zote mbili, na karibu zote zilikuwa za mchezo mzuri. Kadi mbovu zilikuwa zimerudishwa ofisini bila shida. Makedi wanaona kila mkwaju. Ukitaka kujua handikapu ya kweli ya mwanachama, muulize kedi wake, kisha umhakikishie kwamba hatakosa kazi Jumamosi ijayo. Sehemu hiyo ya pili hatujawahi kuiweza.

Visingizio nimevisikia vyote. "Sikumaliza, mvua ilitukatiza shimo la 13." Tangu 2020 mashimo 9 yanakubalika, na tangu marekebisho ya 2024 mashimo ambayo hayakuchezwa yanajazwa kwa alama inayotarajiwa kwa mchezaji mwenye handikapu kama yake, hivyo raundi ya mashimo 13 inaingia kihalali. "Nilikuwa nacheza na rafiki tu." Anatosha, yeye ndiye msimamizi wa kadi yako. "Tulikuwa tunainua mpira." Kadi ya namna hiyo inakubalika. "Shimo moja niliharibu, nikapiga 11." Kwa hesabu za handikapu, alama ya shimo inakomea kwenye mikwaju miwili juu ya pa, ukiongeza mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Shimo moja baya haliui kadi. Na kuna wenye ugonjwa wa kinyume, wanaoficha kadi mbovu ili waitwe wachezaji wa handikapu ya tarakimu moja. Hao wananisumbua kidogo tu, maana uwanjani wanajiadhibu wenyewe.

Kisha inakuja siku ya zawadi. Kwenye mfumo wa pointi, 36 ndiyo kucheza sawasawa na handikapu yako. Mtu analeta 45, ukumbi unapiga makofi kwa kusitasita, wengine wanatazama meza. Jumatatu kamati haikutani. Nasema haya kwa heshima: kamati nyingi zinaogopa. Mchezaji anayetajwa ndiye aliyeleta fulana na maji, au ni mkubwa wa mtu fulani kazini, au ni mjumbe wa kamati yenyewe. Kanuni za handikapu zinaipa kamati mamlaka yote inayohitaji. Inaweza kuingiza alama halisi kama inajulikana, kuweka alama ya adhabu pale kadi haikurudishwa, kurekebisha handikapu, kuigandisha au kuiondoa, mradi mchezaji ajulishwe na asikilizwe kwanza. Kadi iliyo bora kuliko handikapu kwa 7.0 hadi 9.9 inaishusha kwa 1 bila kuitisha kikao; ikifika 10.0, inaishusha kwa 2. Mamlaka tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua.

Mapendekezo

Kwanza, kila kadi iliyochukuliwa ofisini iandikwe namba na jina kabla mchezaji hajafika tii ya kwanza, na ifikapo jioni katibu ajue ipi haijarudi. Daftari la kawaida linatosha, hatuhitaji mashine.

Pili, kadi isiyorudi ndani ya saa 48 bila sababu iingizwe kwa alama ya adhabu. Mshindi asipewe zawadi ya handikapu kwenye mashindano ya kanda kama hana kadi za kutosha za miezi ya karibuni. Idadi ipangwe na kamati ya ufundi, na isiwe ndogo kiasi cha kuchekesha.

Tatu, wakuu wa makedi waingie kwenye kamati za handikapu kama wajumbe kamili wenye kura, na kedi anayetoa taarifa alindwe kwa maandishi na nahodha. Nimelisema hili kwenye semina zilizopita. Nalirudia kwa sababu halijafanyika.

Nne, kila klabu ipitie handikapu za wanachama wote walau mara moja kwa mwaka, ikiwezekana Januari, kabla ya kalenda kuanza. Na anayehusika na kesi asikae kikaoni siku ya kesi yake, hata kama ndiye mwenyekiti.

Tano, wadhamini waombwe zawadi kubwa ziende kwa washindi wa mikwaju halisi, zile za handikapu ziwe za kawaida. Sheria za uchezaji wa ridhaa zinaruhusu zawadi hadi paundi 700 au dola 1,000, na kwenye mashindano ya handikapu fedha taslimu haziruhusiwi kabisa. Friji ndiyo inayomfanya mtu mzima akunje kadi mara nne.

Sita, kanuni za ndani zibandikwe zikiwa na tarehe. Saba, kalenda ya kanda isubiri ya taifa. Nane, mafunzo ya sheria kwa wanachama wapya yaanze na namna ya kujaza kadi kabla ya namna ya kushika fimbo. Tisa, na hili ni la kwanza kwa maneno mengine: kadi zirudishwe.

Kesho saa 2 asubuhi tutacheza mashimo 9 kabla ya kuagana. Kadi zitatolewa kwa namba, sanduku litakuwa mezani kwa katibu, na zote zitaingizwa kwenye mfumo kabla ya chakula cha mchana. Naomba kila aliyesaini mahudhurio ya leo aache kadi yake ndani ya sanduku hilo kabla ya kupanda gari, nzuri au mbaya.