MWANAMUME HALII?



Leo nazungumzia filamu moja kutoka India. Si zile za nyimbo na machozi tulizokuwa tukizipangia foleni sinema. Hii ni ya matukio ya kweli, ya Anand Patwardhan, iliyotoka katikati ya miaka ya tisini. Inaitwa Father, Son and Holy War, yaani Baba, Mwana na Vita Vitakatifu.

Msikiti wa Babri huko Ayodhya ulibomolewa tarehe 6 Desemba 1992. Ghasia za Wahindu na Waislamu zikalipuka Bombay, jiji ambalo tangu 1995 linaitwa Mumbai. Zilipotulia Januari 1993, watu wapatao 900 walikuwa wamekufa, wengi wao Waislamu.

Sisi husema haraka: hizo ni dini. Patwardhan anauliza: dini zina waumini wake kwa waume, mbona mapanga yako mikononi mwa wanaume?

Anatupeleka kwanza kwa wanawake. Anakumbusha kisa cha Roop Kanwar, mjane wa miaka 18 aliyeteketea juu ya kuni za maiti ya mumewe huko Rajasthan mwaka 1987, na wako waliouita moto ule heshima. Kisha anatuonyesha wachuuzi wa barabarani wakinadi dawa za nguvu za kiume. Kutoka hapo twende majukwaani, ambako kumvumilia jirani huitwa udhaifu.

Mimi niliona biashara ni ile ile. Mchuuzi humwambia kijana, "Umepungukiwa," akamwuzia chupa. Mwanasiasa naye humwambia, "Umepungukiwa," akamwuzia adui. Afadhali chupa.

Televisheni ya taifa ya India ilikataa kuionyesha filamu hiyo. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamuru ionyeshwe.

Msidhani nasema ya Wahindi tu. Juzi mwanangu wa miaka saba alianguka na baiskeli, goti likachubuka. Akalia. Nikamkaripia: "Nyamaza, mwanamume halii!" Ndiyo maneno niliyoambiwa na mjomba wangu nilipokuwa na umri huo. Mtoto akameza kilio, akanitazama.

Sikusema kwamba nimemfanya mwuaji. Lakini tukimzuia mtoto kusikia maumivu yake mwenyewe, ya jirani atayasikiaje? Jioni nilimwita, nikamwosha kidonda, nikamwambia alie akiumia.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.