Tukienda Nairobi, Tutazame Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Keroka)



Vikundi kadhaa vimeuliza: tukienda Nairobi kutembea, twende wapi? Wengine nao wananong'ona: hiyo si kuharibu pesa? Tuanze na hao wanaonong'ona, maana wana haki. Pesa ya mbolea na ya karo isiguswe. Mwekahazina afungue daftari lingine, kila mmoja aweke kidogo kidogo mpaka nauli itimie. Asiyeweza asilazimishwe, wala asichekwe.

Sasa safari yenyewe. Jumba la Makumbusho lina mifupa ya Mvulana wa Turkana, yenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Aliyeiona kwanza, mwaka 1984, ni Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu. Huyo hakusoma sana darasani, lakini jicho lake lilijulikana dunia nzima. Sisi tulioacha shule mapema tusikie hayo.

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, ya kwanza nchini. Ni kilomita mraba 117, na simba wanatembea huku maghorofa ya mji yanaonekana. Lakini upande wa kusini hauna ua, kwa hiyo wanyama hutoka na kuingia kwa wafugaji. Muulizeni mwenye kuwaongoza: faida ni ya nani, na hasara ni ya nani?

Halafu Uhuru Park na Msitu wa Karura. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga ghorofa 60 lisijengwe pale Uhuru Park, na halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa na kuumizwa huko Karura kwa kutetea miti. Leo watu wanapumzika chini ya miti hiyo. Na sisi je, tumepanda nini kando ya chemchemi zetu? Si mikaratusi inayonyonya maji?

Mkipita sokoni mkaona vinyago vya mawe ya Tabaka, ulizeni bei. Kisha mkirudi muulizeni mchongaji yeye alilipwa ngapi. Hapo mtakuwa mmejifunza biashara.

Njiani msipokee chakula wala soda kwa mtu msiyemjua. Pesa zisikae kwa mtu mmoja. Mjini tembeeni wawili wawili.

Na mkirudi, kila mmoja asimame mkutanoni aseme jambo moja tu tutakalolifanya hapa nyumbani. Likiandikwa katika daftari na likafanywa, nauli imerudi.