Sadaka Yenye Kuendelea: Umeme wa Jua kwa Shule ya Msingi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. 

Tupo Doha, katika nchi iliyojaaliwa gesi na mafuta. Na bado mwaka 2022 ilizindua mtambo wa umeme wa jua wa Al Kharsaah, wenye uwezo wa megawati 800. Ikiwa mwenye gesi analitafuta jua, sembuse sisi? Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia moja ya umeme itokayo Bara.

Kwa hiyo ni jambo la kheri kwamba mchango wetu wa Ramadhani hii utafunga sola katika shule ya msingi huko nyumbani. Lakini tutazame kabla ya kutoa. Mtume ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, mojawapo sadaka yenye kuendelea. Paneli ikitunzwa hutoa umeme miaka 25 na zaidi. Betri haifiki huko. Zile za asidi huchoka baada ya miaka michache. Siku betri inapokufa, jua huwaka juu ya paa na watoto wa darasa la mtihani hurudi kwenye kibatari.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Waliojenga misikiti waliiwekea wakfu minazi na maduka, ili mapato yake yaitunze. Nazo paneli zetu zinahitaji mnazi wake.

Basi tuzigawe fedha. Sehemu inunue vifaa. Sehemu iwekwe akiba ya betri ijayo, kwa daftari lililo wazi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na sehemu imsomeshe fundi wa pale pale kijijini. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot huwafunza kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola. Mama mwenye mtoto darasani hatangoja fundi wa mjini.

Huenda paneli zikawa chache kuliko tulivyotamani. Lakini amali zipendezazo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, hata zikiwa kidogo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na sadaka zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.