Kuacha Etaba: Kumkemea Mtu Hakusaidii
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma)

 

Leo nasema juu ya tumbaku, hii tunayoiita etaba. Wengine huvuta sigara, lakini huku wengi hutafuna au hunusa. Msidhani ni salama kwa kuwa haina moshi. Kutafuna huleta saratani ya mdomo, na mama mjamzito anamdhuru mtoto tumboni.

Tukitaka kumsaidia mtu, mara nyingi tunaanza kwa kumkemea. Ushauri nasaha sio hivyo. Unauliza, halafu unanyamaza usikie. "Mama, unatafuna saa ngapi? Kwa nini saa hiyo?" Hapa Turkana jibu moja utalisikia sana: njaa. Etaba inanyamazisha tumbo. Sasa ukimwambia aache, na ni ukame, nyumbani hakuna kitu, umemsaidia nini? Mpango uanze na chakula cha saa hiyo, hata uji kikombe kimoja. Hesabuni pamoja pesa ya etaba ya mwezi mzima, muone ingenunua unga kiasi gani.

Je, ushauri unafanya kazi kweli? Mwaka 2017 wataalamu walijumlisha tafiti 49 juu ya wavuta sigara. Kati ya watu 100 waliopewa maelezo mafupi tu, kama 7 waliacha. Waliokaa na mshauri ana kwa ana, waliacha 10 hadi 12. Sio muujiza, wengi bado walishindwa. Lakini hao wachache walioongezeka ni baba na mama za watu.

Basi kikundi kifanye nini? Wiki ya kwanza ndiyo ngumu: hasira, kukosa usingizi, hamu kali. Asiachwe peke yake. Chagueni wawili wamtembelee siku ya pili, ya nne na ya saba, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja. (Na wasiende na etaba mfukoni!) Mkikutana barabarani watu wataomba etaba, mnajua desturi yetu. Awe na jibu tayari. Lifanyieni mazoezi kikundini. Mtacheka, lakini litamfaa.

Akirudia, msimtoze faini. Muulizeni ilikuwa lini, akiwa na nani, baada ya nini, kisha apange siku nyingine ya kuanza. Na mwenye kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, mpelekeni hospitali, msingoje mkutano ujao.