Tini za Hezekia



Mama mmoja mzee wa kanisa letu alinijia siku moja baada ya ibada. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Vidonge havikutosha tena, daktari akamwanzishia sindano za insulini. Akaniambia kwa furaha, "Mchungaji, tangu mliponiombea, sindano nimeiacha." Nami, ndugu zangu, niliitikia, "Amina." Sikumwuliza neno lingine.

Kwa miezi kadhaa hakusikia maumivu. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: sukari hupanda kimya kimya, ikiharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda cha unyayo, ambacho hata hakukihisi, ndicho kilichompeleka hospitali. Alirudi nyumbani akiwa amepoteza vidole viwili.

Tangu hapo namfikiria Mfalme Hezekia. Alilia mbele za Mungu, akaahidiwa miaka 15 zaidi. Ahadi ilikwisha kutolewa. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Mfalme hakusema kwamba tini ni upungufu wa imani.

Insulini Mungu mwenyewe aliiweka mwilini mwetu. Hutengenezwa na kongosho. Katika kisukari cha aina hii mwili hauitumii vema, na kongosho huchoka kadiri miaka inavyopita. Sindano huongeza kilichopungua. Si adhabu, wala si dalili kwamba kifo kimekaribia. Tangu mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa huko Toronto, Kanada, imeokoa watu wengi mno.

Basi wewe unayeitumia, usiiache wala kuipunguza bila daktari, hata ukijisikia mzima. Pima sukari yako. Ukitaka kufunga na kuomba, mwulize daktari kwanza. Ukitetemeka na kutokwa jasho, huenda sukari imeshuka. Kunywa maji yenye sukari upesi. Na kama ni fedha zimekosekana, usinyamaze. Tuambie sisi ndugu zako kanisani.

Juzi mama yule alinionyesha kichupa chake cha dawa. "Mchungaji," akasema, "leo nimeomba, kisha nimejidunga."

Nikaitikia, "Amina." Safari hii nilijua ninaitikia nini.

Mungu awabariki.