Kubandua Rangi na Kung'arisha Vifuniko vya Injini ya Pikipiki
(Mazungumzo ya fundi wa karakana mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya vifuniko vya injini ya pikipiki, yaani jinsi ya kuvibandua rangi iliyochakaa na kuving'arisha. Huenda mtu akadhani kuwa hili ni jambo la urembo tu. Sivyo. Pikipiki ya chama ni mali ya wanachama wote. Rangi iliyobabuka hushika matope na mafuta, ikaficha ufa mdogo mpaka siku injini inapokaukiwa na oili. Kifuniko kisafi huonyesha uvujaji tangu unapoanza.

Kwanza tuifahamu mali yenyewe. Vifuniko vya pikipiki nyingi ni vya alumini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, lakini ni laini, na inaye adui mmoja aliyemo majumbani mwetu: kostiki soda, ile itumiwayo kutengenezea sabuni. Nakiri mbele yenu kosa langu. Nilipokuwa mwanagenzi nililoweka kifuniko cha klachi katika maji ya kostiki, nikaenda kula. Niliporudi, rangi ilikuwa imetoka kweli, lakini kifuniko nacho kilikuwa kimeliwa, na mahali pa kukalia gasketi pamejaa vishimo. Kilitupwa, na pikipiki ikasimama bila kazi mpaka kilipopatikana kingine. Tena kostiki ikikutana na alumini hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikaribia moto.

Basi njia iliyo salama ni hii. Nunueni gasketi mpya kabla ya kufungua chochote. Injini ikiisha kupoa, mwageni oili katika chombo. Chukueni kipande cha boksi, mchore umbo la kifuniko, na kila skrubu ichomekwe mahali pake, kwa maana hazilingani urefu. Kifuniko kikigoma kutoka, kigongweni taratibu kwa nyundo ya mpira. Msikichokonoe kwa bisibisi. Toeni sili na koili zilizomo, kisha kiosheni kwa mafuta ya taa, mbali na moto.

Dawa ya kubandulia rangi ipakwe kwa brashi. Rangi ikivimba, ikwanguliwe kwa kijiti cha mbao, si kwa kisu. Kazi hii ifanyiwe nje, kwa glavu na miwani. Dawa zenye methilini kloridi zimeua mafundi waliozitumia katika vyumba visivyo na hewa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 zisiuzwe kwa matumizi ya nyumbani. Someni maandishi ya kopo kabla ya kulifungua.

Baada ya kuosha, tumieni msasa wa maji: anzeni na namba 400, kisha 600, 800 na 1000. Kila msasa upite kwa kukingama na ule uliotangulia, mpaka mikwaruzo ya kwanza itoweke. Anayeruka namba hurudia kazi. Mwisho, sugueni kwa kitambaa laini chenye dawa ya kung'arishia metali. Uso wa gasketi usiguswe na msasa kamwe.

Kabla ya kurudisha kifuniko, kiosheni tena ndani na nje, pamoja na matundu ya oili. Punje za msasa zikiingia katika oili huzisaga beringi. Skrubu zikazwe kidogo kidogo, kwa kupokezana pande. Tieni oili, washeni injini, mtazame kama panavuja.

Alumini iliyo tupu hufifia baada ya muda. Basi ifutwe mara kwa mara kwa dawa ile ile, au ipakwe vanishi isiyo na rangi, inayostahimili joto.

Ndugu Makatibu, naomba kila kazi ya namna hii iandikwe katika daftari la chombo: tarehe, fundi, na gharama. Gasketi moja na siku moja ya uangalifu ni nafuu kuliko pikipiki kulala wakati wa ununuzi wa mazao, mkulima akisubiri malipo yake.